Mgonjwa Aulizwe Uji

Kwa kuzika, watu wa huku hatujambo. Mtu akikata roho usiku, jogoo hajawika mara ya pili kuna kamati, kuna mwenyekiti wa kamati, kuna daftari la rambirambi lililopigwa mistari kwa rula, na kuna kijana aliyekwisha kupanda bodaboda kwenda kutafuta mchele. Wanaume wanachimba, wanawake tunabandika, vijana wanafunga turubai na kugombana juu ya kamba. Walioko Mbinga mjini, Songea na Dar es Salaam wanatuma pesa kwa simu na kupiga tena kuuliza kama imeingia. Nimekoroga masufuria ya misiba hapa Kingerikiti tangu tukiitwa watu wa wilaya ya Mbinga, kabla wilaya ya Nyasa haijazaliwa mwaka 2012, na sijaona msiba hata mmoja uliokosa chumvi.

Wagonjwa waliokosa chumvi nimewaona wengi.

Nikisema hivi jikoni wenzangu hucheka, nami hucheka nao, maana katika jambo hili sijamwona mtu mbaya. Msiba una saa yake. Unaingia, unaliliwa, matanga yanaanuliwa, watu wanarudi shambani. Ugonjwa mrefu haukuambii utaondoka lini, na binadamu ni mvivu wa mambo yasiyojulikana mwisho wake. Halafu kuna lile daftari. Ukitoa msibani unaandikwa, jina lako linasomwa, na siku yako ikifika watoto wako watafungua ukurasa waone nani anawadai na nani wanamdai. Ukimfulia jirani shuka lenye damu, nani atakusoma mbele ya watu? Hesabu ya sokoni tunaijua vizuri sana, wajukuu zangu, hata pale tunapodhani tunalia tu.

Chukueni nyumba yoyote. Mama ana saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ndiyo inayowashika wanawake wa nchi hii kuliko saratani nyingine zote. Amepelekwa hospitali, amerudi na bahasha ya karatasi na maneno ya daktari ambayo kila aliyemsindikiza ameyasikia kivyake. Wiki ya kwanza nyumba imejaa, hata mbwa hana pa kulala. Wiki ya pili wanakuja wa karibu. Mwezi wa pili amebaki binti mmoja, mara nyingi yule aliyeachika au yule ambaye hajaolewa, kwa sababu ukoo umeshakata shauri, bila kikao, kwamba huyo hana kazi. Anachota maji, anatafuta kuni, anamgeuza mama upande huu na upande ule usiku kucha ili mgongo usichubuke, anapika uji, uji unakataliwa, anapika mwingine. Palizi inampita. Kahawa inaiva, inakauka, inadondoka chini. Kwenye simu za ukoo kuna kundi, na kila asubuhi kundi linaandika "tuko pamoja, mama atapona", likifuatiwa na picha za mikono iliyokunjwa kwa sala. Binti anazisoma akiwa na ndoo kichwani.

Siku mama anapofariki wanafika wote, na jeneza linaletwa kutoka mjini. Ndani lina sponji na kitambaa cheupe cha kung'aa, laini kuliko godoro alilolilalia marehemu miezi yote ile, lililotoboka katikati hata kamba za kitanda zikawa zinamhesabu mbavu.

Wako watu waliolifanya hili la kumtunza asiyepona kuwa kazi ya maisha yao. Uingereza kulikuwa na mama mmoja, Cicely Saunders, aliyeanza kama muuguzi, mgongo ukamsumbua, akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii, na mwishowe akasomea udaktari. Mwaka 1948 alikuwa akimtembelea mgonjwa mmoja London, David Tasma, Myahudi kutoka Poland, mhudumu wa mgahawa, mtu asiye na ndugu mjini pale. Walizungumza sana juu ya namna mtu kama yeye angepaswa kutunzwa. Tasma alipofariki alimwachia pauni 500, akiwa amemwambia ziwe dirisha katika nyumba yake. Nyumba yenyewe haikuwapo. Dirisha lilitangulia, na nyumba, Hospisi ya St Christopher's, ikafunguliwa mwaka 1967, miaka 19 baadaye. Kwetu Afrika Mashariki, Nairobi walifungua yao mwaka 1990. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman akaenda Uganda na fedha za kuwatosha watu watatu kwa miezi mitatu, akaanzisha Hospice Africa Uganda, na ile miezi mitatu haijaisha mpaka leo. Hapa Tanzania Walutheri wa Hospitali ya Selian, Arusha, walianza mwaka 1999, Muheza wakafuata mwaka 2001 katika Hospitali Teule, na Ocean Road kule Dar es Salaam, katika taasisi ya saratani iliyorithi hospitali ya zamani ya Wajerumani, wanatoa huduma hiyo hiyo kwa wale ambao mionzi imefika mwisho wake. Madaktari wetu wanaiita tiba shufaa.

Mmesikia majina ya mbali, Arusha, Muheza, Kampala, mkaanza kufikiri nauli. Tulieni. Nyingi ya huduma hizi tangu mwanzo zilimfuata mgonjwa nyumbani kwake, kitandani kwake, muuguzi na mfuko wake mlangoni. Huku kwetu nyumba ya mgonjwa ndiyo hospisi, na wahudumu wake ndio ninyi mnaonisikiliza. Wala msijione wa mwisho duniani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 56.8 wanahitaji huduma hii kila mwaka, na wanaoipata ni kama asilimia 14 tu. Wanaojifanya hawaoni wako kila nchi.

Alichokisema Saunders, bibi yeyote wa kijijini angeweza kumwambia, ila bibi wa kijijini hakuulizwa. Alisema maumivu ya mtu anayeondoka hayako mwilini peke yake. Mzee anaguna usiku kucha, mnampa vidonge vya kila rangi, kumbe kinachomkaba ni deni la mbolea alilochukua chama cha msingi na mkewe halijui. Au ni kijana wake aliyemfukuza mwaka ule wa ugomvi wa shamba, yuko Tunduru, na hakuna aliyethubutu kumpigia. Au anaogopa tu, anaogopa giza kama mtoto, na anaona aibu kusema kwa sababu yeye ni mzee na wazee hawaogopi. Mwite kijana wa Tunduru. Lilete lile deni mezani, lisemwe, mtu mmoja alishike. Mara nyingine usiku huo huo mzee atalala.

Mara nyingine hatalala, kwa sababu mwili nao unauma kweli, na hapo ndipo ninapochoka na ninyi. Dawa ipo. Mofini ya maji, ya kunywa, unga wake unachanganywa na maji ukawekwa kwenye chupa ya kawaida; Ocean Road wanaitengeneza na hospitali zilizoruhusiwa huichukua. Uganda walikwenda mbele zaidi, tangu 2004 wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika wenyewe, bila kumngoja daktari aliye mbali. Sasa mpeleke mgonjwa wako Litembo, au Peramiho, au kwa Waanglikana wa Liuli pale ziwani, au Songea mkoani, uulize kwa sauti, "Daktari, mama anaumwa usiku, je, kuna mofini, na kama hapa haipo, ipo wapi?" Usipouliza utarudishwa na panadoli. Kisha mkipewa, msianze yale ya kusema itamfanya teja. Mama wa miaka 60 mwenye kidonda cha saratani hatakwenda kukaa kijiweni. Nimewaona wanaompunguzia mgonjwa kipimo kwa huruma, wakamwachia maumivu kwa huruma ile ile.

Na saa zifuatwe. Maumivu ni maziwa jikoni: ukingoja yafurike ndipo utafute kitambaa, umechelewa, sasa unafuta jiko. Kama muuguzi amesema kila baada ya saa nne, ni kila baada ya saa nne hata kama mgonjwa anatabasamu, na cha usiku kitolewe kama alivyoelekeza ili watu wote wapate usingizi. Dawa hiyo inafunga choo, kwa hiyo omba na ya kulainisha, siku hiyo hiyo, usisubiri tumbo liwe gumu. Wauguzi wa hospisi Uganda wanatumia hata mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa. Lingine watu huona haya kulisema, nami nimezeeka, sina haya: harufu. Saratani ikipasuka nje inanuka, na watu wanaacha kuja kwa sababu ya harufu huku wakisingizia mvua. Muulize muuguzi juu ya kile kidonge cha Flagyl mnachokijua kwa kuhara, kinavyosagwa na kunyunyizwa kwenye kidonda kilichosafishwa. Harufu ikipungua, mvua nayo hukatika, wageni wakaonekana tena mlangoni.

Waswahili walisema mgonjwa haulizwi uji. Walikuwa na nia njema, kwamba usimsumbue kwa maswali, mpikie umpe. Lakini sisi tumeishika methali hii tukaifanya sheria ya kila kitu. Hatumuulizi uji, hatumuulizi kama anataka kuhangaishwa tena barabarani, hatumuulizi anataka kulala chumbani au pale barazani anapoona watu wakipita, hatumuulizi nani aje na nani asije. Tunajadiliana juu yake mbele yake. Mimi nasema aulizwe, kuanzia na huo uji wenyewe. Anaweza kutaka wa ulezi mwepesi, vijiko vitatu. Anaweza kutaka mchuzi wa usipa na asiguse ugali. Anaweza asitake chochote, na hapo ndipo shangazi anapoanza kulia kwamba mnamuua kwa njaa, anashika kijiko, anampanulia kinywa, uji unaingia pasipo, mgonjwa anapaliwa. Mwili unaofunga safari hauna njaa kama wako, shangazi. Chovya pamba kwenye maji safi, lowanisha midomo yake. Hilo nalo ni kulisha.

Huyo shangazi kila ukoo unaye, anaweza kuwa kaka pia, anayefika kutoka mjini mwezi wa tano wa ugonjwa akiwa na mabegi na amri. Anashuka kwenye gari, anatazama, anashika kiuno. "Kwa nini hajapelekwa Dar?" Amekwishapelekwa. "Kwa nini hampewi dawa ya yule mganga wa Njombe?" Amekwishapewa. Kabla ya jua kuzama ng'ombe ameuzwa, kipande cha kahawa kimewekwa rehani, gari limekodiwa, na mgonjwa aliyekuwa amelala vizuri anatikiswa milimani saa kwa saa kwenda kuambiwa maneno yale yale aliyoambiwa mwanzo. Msimchukie. Hakuwapo, na anajua hakuwapo, basi anajaribu kulipa kwa kelele. Mpeni kazi: mpeni zamu ya usiku. Sijasema watu wasiende hospitali, nani amesema hivyo? Nendeni mapema, wanawake mkapimwe kizazi hata kama hamuumwi, maana wanaofika Ocean Road wengi hufika ugonjwa umeshatambaa. Ila kabla ya kuuza shamba, muulizeni daktari swali moja, mkiwa wawili ili msikie sawasawa: safari hii ni ya kuponya au ni ya kupunguza makali? Kama ni ya kupunguza makali, ulizeni kama makali hayo hayawezi kupunguziwa nyumbani. Shamba lililouzwa halirudi na jeneza, na watoto watataka kula mwaka kesho.

Kuna nyumba ambapo karatasi ya daktari imefichwa chini ya godoro lile lile analolilalia mwenye ugonjwa. Nimecheka hadi machozi. Mgonjwa anajua. Alijua siku mlipoanza kumwita kwa upole. Anawaficha ninyi ili msiumie, mnamficha yeye ili asiumie, na katikati yenu kuna maneno ambayo yangesemwa kwa dakika kumi na hayasemwi, ya nani atamlea yule mdogo, ya mbuzi aliye kwa fulani, ya nisamehe. Si lazima umwagike kama gunia lililopasuka. Kaa, shika mkono, uliza, "Wewe mwenyewe unauonaje ugonjwa huu?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu, sisi tumezoea kujaza ukimya kwa hadithi za jirani aliyekuwa na ugonjwa huo huo na jinsi alivyoteseka. Jamani, hadithi hizo za nini?

Padre naye tunamficha. Wengi wetu huku ni Wakatoliki, na bado tunaogopa Mpako wa Wagonjwa kana kwamba mafuta yale ndiyo yanayoua. Tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano Kanisa linatufundisha kwamba sakramenti ile si ya anayekata roho tu, ni ya aliye mgonjwa sana. Lakini sisi tunangoja hadi macho yamegeuka ndipo katekista anatafutiwa pikipiki, padre anapanda mlima kwenye utelezi wa masika, anafika, mtu hana tena kauli ya kuungama wala masikio ya kusikia faraja. Mwiteni angali anaweza kumsalimu. Majirani wa dini nyingine vivyo hivyo, mchungaji, shehe, mtu aje aombe na aliye hai.

Wamatengo, majirani na shemeji zetu, walikuwa na sengu: watu wa ukoo wanakula pamoja chini ya bambo, mkuu wa ukoo, na pale pale wanapokula mambo ya kila nyumba yanasemwa kabla hayajachacha. Hakuna aliyeweza kuugua kimya, maana mahali pake mbele ya sinia palionekana pakiwa wazi. Hatutairudisha kama ilivyokuwa, kila mtu sasa anafunga mlango na kula mbele ya simu. Lakini jumuiya ndogondogo tunazo, kila wiki tunasali kwenye nyumba ya mtu, na WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wapo, na vikoba vipo, na mhudumu wa afya wa kijiji yupo. Mnaojua kupanga zamu za kufagia kanisa mnashindwa nini kupanga zamu za kukesha? Jumatatu mama huyu analeta maji madumu mawili. Jumanne kijana yule anapasua kuni, haingii ndani kama anaogopa, apasue aende. Watu watano wakiingia shambani kwa mgonjwa asubuhi moja, kahawa yake imechumwa. Mmoja alale pale ili binti alale. Mmoja awachukue watoto, wapige mswaki, waende shule. Na zile fedha za turubai, mweka hazina, toa kiasi sasa hivi ukanunue godoro na sabuni ya kufulia. Andikeni na daftari kama roho zenu haziwezi kutoa bila daftari. Sitawacheka. Ikiwa daftari ndilo litakalowavuta, litumieni.

Jambo la wosia nalipitia haraka, kwa sababu nikilitaja watu hunitazama kama bundi. Mwenye mali angali na akili zake, aseme. Kama atasema kwa mdomo, sheria za kimila zinataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki, wote wakiwapo pamoja. Kama ni kwa maandishi, nendeni kwa anayejua mkamuulize, na RITA, wakala wa serikali wa usajili, wanapokea kutunza. Mume anayeona aibu kuandika mahali mkewe atakapoishi amemwandikia mahakama.

Sasa nirudi kwa binti. Matanga yameanuliwa, masufuria yameoshwa, wa Dar wamepanda gari na mahindi yao mabichi. Binti amebaki na nyumba ambayo kila saa nne bado inamwamsha, ingawa hakuna wa kumpa dawa. Anakwenda kuchungulia kitanda kitupu. Anasahau chungu motoni. Wengine wanamwona amekonda wanasema ana lake jambo, na kuna wa ukoo, hakosekani, anayenong'ona, "Yeye ndiye aliyekuwa akimpa dawa. Alimpa nini?" Nimeona dada na kaka wakiacha kuzungumza miaka na miaka kwa neno hilo moja, lililosemwa na mtu ambaye hakuwahi kumwaga ndoo ya mgonjwa hata mara moja. Hata huyo msemaji namwelewa, uchungu unatafuta mtu wa kumshika. Lakini mzee wa ukoo alizime hapo hapo mbele ya wote, kabla watu hawajatawanyika, na amshukuru binti kwa jina. Kisha wanawake wa jumuiya waende baada ya wiki mbili, waende tena baada ya mwezi, na tena shamba linapotaka jembe, maana wiki ya pili ndiyo ambayo nyumba inakuwa kubwa kuliko watu wake. Msiende kumhubiria. Mkikuta hajapika, pikeni. Mkikuta anataka kuzungumza juu ya usiku ule wa mwisho, mwacheni auzungumze, hata kama mmekwisha kuusikia. Na mtoto wake mdogo mmoja wenu akae naye mpaka Jumapili, binti apate kulala mchana.